Bati la Ndege Nililolipeleka Guangzhou

Nilikwenda Guangzhou kwa sababu mbili, na kwenye fomu ya viza niliandika moja tu. Niliandika biashara. Hiyo ilikuwa kweli: dada yangu ana duka la nguo Mtwara mjini, na safari hii goti lilimkatalia, akanituma mimi nikamchagulie suruali na mashati. Sababu ya pili ililala chini ya begi langu, imeviringwa khanga mbili za mama. Ilikuwa kipande cha bati la ndege ya kivita, kikubwa kiasi cha sinia la watu sita, kimepinda kidogo, na katikati yake kuna mkato mrefu kuliko kiganja changu.

Nyumbani kwetu, kijijini kando ya Ruvuma, bati hilo ni kifuniko cha mtungi wa maji. Lilitoka kwenye ndege ya Waingereza iliyopotea njia wakati wa Vita vya Pili, walipokuwa wakipigana na Wafaransa kule Madagaska. Ilianguka kwa tumbo kwenye uwanda wa chumvi ng'ambo ya mto, upande wa Wareno. Ureno haikuwa na upande katika vita vile, na nchi za namna hiyo zilikuwa na sheria moja: ndege ya vita ikitua kwako unaizuia, na rubani unamweka chini ya ulinzi mpaka wakubwa wamalize kupigana. Babu yangu mzaa mama, Saidi, alikuwa kibarua huko ng'ambo. Yeye ndiye aliyeifikia ndege ile kwanza.

Kuanzia hapo kuna habari mbili. Babu alisema ndege ilikuwa inawaka na kifuniko cha kioo juu ya rubani kimekwama, kwa hiyo akaupasua ubavu kwa shoka, akafikia komeo na mikanda, akamtoa mzungu akiwa hai. Askari wakaja, wakazima moto kwa mchanga, wakamchukua mtu pamoja na ndege. Baadaye Wareno waliitengeneza ndege ile, wakaipaka rangi zao, ikaruka miaka kadhaa. Ilipochoka ikakatwakatwa, na babu, aliyekuwa akifagia uwanja wao, akaomba lile bati lenye alama ya shoka lake. Kijiji kilisema vingine. Kijiji kilisema alisimama mbali akimwangalia mzungu anaungua, na kesho yake, moto ulipopoa, akaenda na shoka kukata bati. Wakamwita Mkata Bati mpaka anazikwa. Mama yangu ana miaka sabini na sita na bado wapo wazee wanaomwita binti Mkata Bati.

Kila mwaka mwezi wa Shaaban ukoo wetu hukusanyika kuwasomea hitima marehemu wetu. Majina yote husomwa kutoka kwenye karatasi moja ya zamani, ila la babu halimo. Msomaji ni binamu yake mama kwa upande wa bibi, Mwalimu Mfaume, mtu mpole anayefundisha madrasa. Mwaka jana mama alimwendea kwa mara nyingine kuomba jina hilo liingizwe.

"Dada, mimi sina chuki," Mfaume alimwambia mbele yangu. "Lakini marehemu baba aliniusia: jina la aliyemwacha mtu aungue lisisomwe, mpaka ijulikane hasa alifanya nini. Nani atajua leo?"

Mama aliporudi nyumbani alilifunua lile bati juu ya mtungi, akaniwekea mapajani. "Wewe si ndiye unayezunguka dunia kutafuta ndege? Itafute hii mpaka uipate."

Ni kweli nimezunguka. Nimemaliza kidato cha nne, nimekuwa utingo wa malori, karani wa ghala la korosho, mpima mbao, na kila kazi niliiacha kwa ajili ya ndege hii moja. Nimekwenda Palma, Pemba ya Msumbiji, mpaka Maputo. Nimesoma habari za ndege zilizotua Ireland, Uswisi, Sweden na Uturuki, nyingine marubani wake walidhani wamefika kwao, wakashuka wakatabasamu, wakakuta bendera nyingine. Sijui kwa nini habari hizo zinanishika hivi. Labda ni kwa sababu chombo kilichoundwa kuua kinanyang'anywa vita, kinakaa bandani, na hakuna anayekumbuka tena kilikuwa cha nani.

Wiki mbili kabla ya Shaaban niliondoka Mtwara kwa basi la alfajiri. Dar es Salaam, uwanja wa ndege, kijana wa ukaguzi alilitoa bati kwenye khanga, akaligeuza mara tatu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kifuniko cha mtungi."

"Unapeleka kifuniko cha mtungi China?" Akawaita wenzake. "Jamani, njooni muone. Wenzake wanaleta vitu kutoka huko, yeye anarudisha!"

Walicheka wote, na kwa kuwa walicheka, nikapita.

Guangzhou, siku iliyofuata, nilitokea juu kutoka kwenye treni ya chini ya ardhi pale Xiaobei, begi mgongoni. Nilikuwa nimesimuliwa, lakini kusimuliwa si kuona. Barabara za juu zimepita juu ya barabara nyingine, na chini yake watu wanatembea kana kwamba hakuna kitu juu ya vichwa vyao. Mtaa wa Dengfeng ulinipokea kwa sauti za kwetu: Mkongo mmoja anabishana kwa Kifaransa kuhusu simu, Wakenya wawili wanacheka kwa Sheng, mwenye duka Mchina anawaita wote "pengyou", yaani rafiki. Nilifikia kwa Bi Zuhura, Mzanzibari aliyekaa pale miaka mingi, anayewapikia wafanyabiashara na kuwapakilia mizigo kwenye kontena. Ndiye mwenyeji wa dada kila safari.

"Karibu, baba. Dada yako hajambo? Hilo begi mbona limesimama kama ubao?" Nilimwonyesha. Alilitazama bati, akanitazama mimi. "Yakhe, watu wote huja hapa na mabegi matupu wakarudi nayo yamejaa. Weye umekuja na mzigo! Nani atakununulia hili?"

"Siliuzi, Bi Zuhura. Nataka lisomwe."

"Lisomwe? Lina maandishi?"

Nikamweleza habari yote tukila wali na mchuzi wa samaki. Aliponisikiliza mpaka mwisho aliacha mzaha. "Maskini mama yako," alisema. "Jina la baba yake liko nje mlangoni, na yeye yuko ndani." Kisha akaniongezea samaki.

Kesho yake saa nne asubuhi Rehema akaja kunichukua. Ni binti wa jirani yetu kijijini, anasoma shahada ya pili ya sayansi ya metali kwa udhamini. Yeye ndiye aliyeniambia kwenye simu nilete bati, na akaniambia neno moja zaidi: nisilisafishe. Siku ile sikumwambia kwamba nilikwisha kulisafisha. Miaka kumi na miwili iliyopita nilinunua msasa, nikaanza kulisugua upande wa nje nikitafuta namba ya ndege, rangi ikitoka vumbi la bluu, la kijivu na la kijani, mpaka mama alipotoka jikoni na kupiga kelele kwamba namharibia kifuniko. Niliacha sehemu moja tu, katikati, yenye ule mkato. Lakini namba niliipata, imegongwa kwenye bati lenyewe, na tangu siku hiyo nikaifuata. Niliwaandikia watu wa nchi tatu kuhusu namba ile. Niliiandika kwa chokaa ukutani juu ya kitanda changu.

"Twende kwanza kwa shifu," Rehema alisema. Shifu, akanieleza, ndivyo wanavyomwita fundi mkuu kwa heshima. "Anaitwa Mzee Liang. Alifanya kazi ya mabati ya ndege maisha yake yote. Maabara yetu ikikwama inamwita yeye."

Kangle, upande wa pili wa mto, ni kijiji kilichomezwa na jiji. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili, na kila mlango una cherehani zinazonguruma. Vijana wanapita na pikipiki za magurudumu matatu zimebeba vitambaa juu mpaka dirisha la ghorofa ya kwanza, wakipiga honi bila kupunguza mwendo. Mzee Liang, aliyestaafu, anatengeneza cherehani za mtaa ule. Tulimkuta ameinamia mashine iliyofunguliwa tumbo, miwani mbili usoni, moja juu ya nyingine. Nyuma yake, ukutani, badala ya kalenda palikuwa na vipande vya ndege: nusu ya usukani, tanki lililobonyea, bati lenye matundu ya risasi.

Rehema alitafsiri. Mzee alisema vipande vile alivikusanya kwa kufuatilia ndege zilizokimbilia Macau, mji wa pwani ulio karibu na pale, wakati wa vita. Macau ilikuwa ya Wareno, ilikaa kimya katikati ya moto wote ule, na rubani aliyeishiwa mafuta aliitazama kama mtu anavyotazama kivuli cha mti.

"Wareno walewale?" niliuliza. "Na sheria ileile?"

"Ileile," Rehema alitafsiri. "Anasema wewe ulikuwa unaufuata mkia mmoja wa sheria hiyo na yeye mwingine, hamjuani."

Nilisimama nikitazama ukuta ule. Nilidhani mimi ni kichaa wa peke yangu, kumbe mwenzangu yuko upande huu wa dunia, anatengeneza cherehani. Nikamfungulia khanga.

Hakuligusa kwanza. Alifuta mikono, akavua miwani moja, akainama mpaka pua ikakaribia. Kisha akaona upande niliosugua. Sauti yake ilipanda, akampigia Rehema maneno marefu, naye Rehema akauma midomo asicheke.

"Anasemaje?"

"Mjomba, usikasirike. Anasema umemletea wali uliopikwa, halafu unamuuliza mpunga ulilimwa wapi."

"Mwambie nilikuwa natafuta namba." Nikamwonyesha namba yangu. Mzee Liang aliipapasa kwa kidole, akasimama, akashusha lile bati lenye matundu ya risasi kutoka ukutani, akanielekeza kona yake. Palikuwa na namba imegongwa vilevile, ya mtindo uleule.

"Hii siyo namba ya ndege," Rehema alisema taratibu. "Ni namba ya bati. Kiwandani kila bati la mahali hapo lilipewa hiyo. Kila ndege ya aina ile, bati la ubavu huu, lina namba hiyohiyo."

Niliomba kiti. Nilipewa debe la uzi, nikakaa. Miaka kumi na miwili. Barua, safari, ajira nilizoziacha, vyote vilifuata nyuma ya namba ambayo ni sawa na namba ya kiatu. Na ili niipate nilifuta kile ambacho kingeweza kusema. Mzee aliniangalia kidogo, akanimiminia chai kwenye kikombe kisicho na mkono, akasema kitu bila kutazama.

"Anasema na yeye alifanya hivyo," Rehema alisema. "Cha kwanza kabisa, alikipiga msasa mpaka kikang'aa. Anasema wote huanza hivyo."

Kisha mzee akaanza kazi. Aliligeuza bati, akapitisha kucha kwenye midomo ya mkato. Akauliza mara mbili kama shoka lilikuwa la babu yangu. Akaonyesha: pigo limeingia kutoka nje, lakini baada ya hapo mtu amelitumia shoka kama mtaimbo, amelibenua bati kuja kwake. Baadaye mtu mwingine amelinyoosha kwa nyundo. Pembeni ya mkato palikuwa na matundu madogo yamepangwa mstari. Mimi siku zote nilidhani ni ya mziba sufuria wa kijijini.

"Matundu ya kiraka," Rehema alitafsiri. "Kimetolewa, lakini kilikuwepo. Na tena anasema, mwizi wa bati angeanza kufungua ribiti zinazoshika bati pembeni, apate bati zima. Huyu alipiga katikati. Huyu alikuwa na haraka."

Nilitaka kuruka. Rehema akanizuia kwa mkono. "Mjomba, subiri. Mziba sufuria wenu angeweza kutoboa matundu hayo. Na mtu anaweza kuwa na haraka kwa sababu nyingine. Ushahidi uko kwenye rangi, kama imebaki. Lazima nikate kipande, kidogo kama punje ya mchele, kwenye mdomo wa mkato. Nikishakikata hakirudi. Na ni hiyo sehemu tu uliyobakisha."

Nilimpigia mama simu ya video. Kwetu kulikuwa asubuhi, alikuwa anapepeta. Nilimwambia kila kitu, hata habari ya namba. Aliuweka ungo chini.

"Na kama hicho kipande kikisema baba alikuwa mwongo?"

Kule nyuma cherehani moja ilikuwa inaenda na kusimama, inaenda na kusimama.

"Basi utaniambia hivyohivyo," mama alisema. "Usije ukanipaka mafuta. Kata."

Mzee Liang ndiye aliyekata, kwa msumeno mwembamba kama unywele, akihema polepole. Rehema alikitia kipande kwenye kichupa akakifunga.

Siku mbili nilisubiri. Rehema alisema kipande lazima kizamishwe kwenye gundi inayokauka ngumu kama kioo, kisha kisuguliwe ubavu mpaka rangi zionekane moja juu ya nyingine. Mimi nikafanya ya dada. Guangyuan Xilu, karibu na stesheni, ni majumba ya nguo za jumla ambayo hata macho yanachoka kuyapanda. Wachukuzi wanavuta marobota kwa vitoroli wakipiga kelele upishe, na wanunuzi wa kila rangi wanapita wameshika sampuli. Bi Zuhura alinisindikiza, akawa ananifundisha: muuzaji mwite "laoban", bosi, hata kama ni msichana wa miaka ishirini, na akikwambia "meiyou", hakuna, usiondoke, ngoja kwanza.

"Laoban, rangi ya kijivu?"

"Meiyou."

"Huyo anayo," Bi Zuhura alininong'oneza. "Mtazame miguu, anazisukuma suruali chini ya meza." Na kweli alikuwa nazo. Lakini nilinunua vibaya siku ile. Kila kijivu nilichoshika nilikigeuza ndani nje nikiangalia kuna nini chini yake, mpaka Bi Zuhura akaninyang'anya sampuli. "Baba, suruali haina historia. Chukua saizi, twende."

Siku ya tatu, saa nane mchana, tuliingia maabara, mimi, Rehema na Mzee Liang, ambaye alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Rehema alirekebisha hadubini, akanisogezea kiti. "Tazama mwenyewe, Mjomba."

Nilitazama. Kwanza sikuona kitu, kisha macho yalikaa, nikaona nchi nzima. Chini kabisa bati, jeupe kama mwezi. Juu yake ukanda wa manjano yenye ukijani, ambao Rehema alisema ni rangi ya kiwandani. Juu yake kijivu kizito cha baharini, rangi waliyoruka nayo kwenda kupigana. Juu ya kijivu kulikuwa na uzi mweusi, mwembamba, uliokatikakatika. Juu ya uzi huo rangi nyekundu kama tofali, halafu rangi ya fedha. Na juu kabisa bluu, bluu ya madirisha ya nyumba yetu, aliyopaka marehemu baba yangu mwaka niliozaliwa. Vyote hivyo katika unene usiofika wa ukucha. Nilikuwa nimeyasugua haya kwa mkono wangu nikayapuliza kama vumbi.

"Ule uzi mweusi?" niliuliza.

"Masizi. Moto. Umefungwa katikati ya rangi ya Waingereza na rangi ya waliokuja baadaye. Nyekundu ile na fedha ile Mzee Liang anazijua, anazo ukutani kwake kutoka Macau. Ni Wareno. Kwa hiyo ndege iliungua, ikazimwa, ikatengenezwa, ikapakwa. Kama babu alivyosema. Sasa sogeza kidogo, hapa, ukingo wa mkato. Hapa shoka lilipopita."

Nilisogeza. Ubavuni mwa mkato hapakuwa na manjano wala kijivu, bati tupu lililochanika. Na juu ya bati hilo tupu, kabla ya nyekundu ya Wareno, ulikuwepo ule uzi mweusi.

Rehema alisubiri nielewe. Sikuelewa, au niliogopa kuelewa. Mzee Liang akasogea, akachukua kalamu na karatasi. Akachora mstari, akaupasua, akachora moshi unaingia ndani ya mpasuko. Akagonga moshi ule kwa kalamu mara mbili.

"Masizi yameingia ndani ya mkato," Rehema alisema. "Maana yake shoka lilipopiga, moto ulikuwa bado unawaka. Siyo kesho yake. Alikuwa pale, ndani ya moshi."

Nilitoa jicho kwenye hadubini kwa sababu nilikuwa nailoweka kwa machozi. Nimeona milima, nimeona bahari ya Pemba asubuhi, nimeona majengo ya jiji lile yanayoingia mawinguni. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile chenye upana wa punje ya mchele. Dakika chache za maisha ya babu yangu, alipokuwa kijana kuliko mimi sasa, zilikuwa zimepakwa rangi juu yake na watu wasiojua, zikakaa salama zaidi ya miaka themanini juu ya mtungi wa maji.

"Na rubani?" niliuliza. "Alipona?"

Mzee Liang alitikisa kichwa. "Anasema bati halimjui rubani," Rehema alisema. "Linajua shoka na moto tu. Usilibebeshe zaidi."

Nilimshika mzee mikono miwili kama tunavyowashika wakubwa kwetu. Nilitaka kumpa kitu, nikampa khanga moja. Aliyasoma maandishi yake kwa kidole, herufi kwa herufi, asielewe hata moja, akaikunja vizuri kuliko ilivyokuja.

Nilirudi nyumbani na mzigo wa dada ukifuata kwa kontena. Yeye alikuja kuninunia baadaye kwa suruali za kijivu zilizozidi. Kijijini nilifika siku nne kabla ya hitima. Mama nilimweleza yote, pamoja na lile la rubani. Hakulia. Aliniomba nimrudilie mahali pa moshi, nikamrudilia, akaniomba tena. Kisha akasema, "Sasa nenda kwa Mfaume. Mimi nimekwisha kwenda mara nyingi."

Mwalimu Mfaume alizipokea picha za hadubini alizonichapia Rehema barazani kwake, akaziweka moja moja juu ya mkeka.

"Huyu fundi ni Mwislamu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ana undugu na nyinyi?"

"Hapana."

"Basi hana sababu ya kutupendelea." Akaishika ile ya ukingo wa mkato kwa muda mrefu, nikamfafanulia rangi moja moja kama nilivyofafanuliwa. "Na mzungu? Alitoka mzima?"

Hapo ningeweza kumpaka mafuta. "Bati halisemi, Mwalimu. Linasema tu alikuwa anapasua wakati inawaka."

Watoto wa madrasa walikuwa wanasoma ndani kwa sauti moja. "Baba alitaka ijulikane alifanya nini," alisema Mwalimu mwishowe. "Hakusema ijulikane Mungu alimpangia nini yule mzungu." Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya majina, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo, na kalamu.

Nimejifunza mambo machache katika safari hii. Kwamba nilipoteza miaka nikiitafuta namba na kuufuta ushahidi kwa mkono uleule. Kwamba nchi iliyokaa nje ya vita nayo iliacha alama yake juu ya vita, kwa brashi. Na kwamba ndege ukiifuata kwa muda mrefu inakufikisha kwa mtu aliyesimama karibu nayo, na mara nyingi mtu huyo hana jina lililoandikwa popote.

Siku ya hitima, baada ya adhuhuri, ukoo ulijaa. Wanaume barazani, wanawake ndani nyuma ya pazia, sufuria za pilau uani. Mwalimu Mfaume alisoma majina kwa sauti yake ya kila mwaka, ile isiyopanda wala kushuka, na watu wakiitikia. Alipofika chini kabisa, kwenye wino mpya, akasimama. Aligeuza karatasi kuelekea mwanga, akaigeuza tena. Nilielewa kilichomkwamisha: alikuwa ameandika Saidi, na hakuna hata mmoja wetu pale barazani aliyejua jina la baba yake. Katika maisha yetu yote tulimjua kwa jina la kupewa, Mkata Bati.

"Saidi bin nani?" aliuliza, akiinua kichwa.

Wazee walitazamana. Uani pilau lilikuwa linatokota.

"Saidi bin Hassani bin Mkwawila bin Likunda," alisema mama kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Mwalimu Mfaume akaandika. Kisha akasoma.